Hatua Kumi na Moja

Miaka ya vita, hapa Bunia, mimi ndiye niliyekuwa mwanafunzi bora wa shule ya jioni, kuanzia Aru mpaka mwisho wa dunia. Darasani tulikuwa wanne. Mwalimu alitufundisha mashine isiyokuwepo: mkanda wa karatasi usio na mwisho, uliogawanywa miraba, na kichwa kinachosoma mraba mmoja, kinaandika, kinasogea. Mkanda wetu tuliukata kwenye mfuko wa saruji.

"Musiulize tu kama mashine inaweza," alisema. "Muulize itapiga hatua ngapi."

Swali hilo nikalipeleka kwenye kambi ya wakimbizi. Dada yangu mkubwa alipotea watu walipokimbia kutoka Kpandroma. Katekista wa kambi aliandika daftarini kila mkimbizi aliyefika, mmoja chini ya mwingine, mpaka barabara zikafungwa na watu wakaacha kufika. Majina karibu elfu mbili, mengi kuliko samaki wa Kasenyi! Mama hakujua kusoma. Kila asubuhi alikwenda kusomewa daftari zima, na kila mara alirudi akisema, "Leo aliruka ukurasa. Nilimuona." Kesho yake anajipaka mafuta, anakwenda tena.

Nikamwambia katekista, "Tukipanga kwa alfabeti, tunafungua katikati, tunaacha nusu isiyoweza kuwa na jina lake. Tena katikati, tunaacha nusu. Hatua kumi na moja, tunamaliza."

"Mashine yako haina ata waya moja," akacheka, "na inataka kufundisha Kanisa!"

Lakini alinipa daftari. Wiki nzima nilipanga vipande vya karatasi, jina moja kila kipande, vidole vikavimba kama ndizi, kisha nikanakili yote kwenye daftari jipya. Nikamwita Mama kwa kiburi cha waziri.

Nikafungua katikati. Nusu ikaanguka. Tena. Tena. Mama alikuwa bado anakunja kitenge akae, mimi nimeshafika. Jina linalotangulia la dada lilikuwepo. Linalofuata lilikuwepo. Katikati yao hapakuwa na nafasi hata ya kupitisha wembe.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, Mama."

"Ata haujakohoa. Iko?"

"Haiko, Mama."

Hakulia. Alimgeukia katekista. "Baba, ile daftari ya zamani iko wapi? Unisomee weye. Anza na jina ya kwanza. Polepole."

Katekista akavaa miwani, akasoma. Nilikaa kando yao, macho yangu kwenye mistari. Walipofika ukurasa wa tatu, Mama akainua mkono.

"Umeruka."

Hakuwa ameruka. Katekista akalamba kidole, akarudi mwanzo.