Upande wa Pili wa Kilima

Kutoka uani kwake Kasingirima, kando ya ziwa, Brigita aliuona mnara wa taa kila alipoanika dagaa, lakini kwa miaka kumi na minane hakuukanyaga. Baba yake, Mzee Feliksi, ndiye aliyekuwa mwasha taa. Usiku ambao Castory, mume wa Brigita, alikuwa akirudi kutoka kusini na boti ya mawese, ziwa lilichafuka na taa ikazimika. Castory hakufika. Msibani Brigita alimtoa baba yake nje mbele za watu. "Umeniulia mume!" alipiga kelele. Tangu hapo hakumwamkia tena. Hata mama yake alipofariki, alisimama mbali na kaburi, akaondoka kabla ya watu kutawanyika.

Sasa mnara umekuwa makumbusho. Binti yake Asnath, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa anapeleka darasa lake huko, na mwalimu mwenzake akaugua.

"Mama, nisindikize. Watoto wote wale siwawezi peke yangu."

"Niombe jambo lingine."

"Aliyezama ni baba yangu pia, mama. Mimi nimekwenda huko mara ngapi?"

Brigita akajifunga kitenge, wakaenda.

Chumba cha chini kilikuwa na nyavu kuukuu, madebe ya mafuta ya taa, na picha ya Mzee Feliksi akiwa kijana wa kaptura. Brigita aliipita upesi. Watoto walishaanza kukimbilia juu, naye akawafuata kwa hofu ya mmoja kuanguka.

Kule juu upepo ulikuwa mkali. Macho yake yakaenda yenyewe upande wa kusini, kuutafuta ufuko wenye jiwe jeupe, ambako alisimama siku ile wakimtoa Castory majini, boti bado imenasa mwambani. Hakuuona. Akasogea, akashika reli, akainama. Alichoona ni kilima tu, kimejaa mihogo.

"Unatafuta nini, mama?" aliuliza Nehemia, kijana anayetembeza wageni.

"Ufuko wa jiwe jeupe."

"Huo uko nyuma ya kilima. Kutoka hapa hauonekani."

"Na taa, ilipokuwa inawaka?"

"Haikufika kule hata siku moja. Watu wa boti walikuwa hawaioni mpaka wakizunguke kilima."

Brigita akakaa sakafuni. Asnath akaja mbio.

"Mama, kizunguzungu?"

"Niache kidogo, mwanangu."

Hasira aliyoishi nayo miaka yote ilikosa pa kukaa, na kilichokuja mahali pake kilikuwa kizito zaidi.

Kesho yake alikwenda Mwandiga, kwa kaka yake Herman, anakoishi mzee. Alimkuta barazani akipukuchua maharage.

"Shikamoo, data," alisema, akimwita baba kwa Kiha kama utotoni.

Mzee alimaliza ganda lililokuwa mkononi. "Marahaba."

"Jana nilipanda mnarani. Nimekiona kilima."

"Nilikuambia."

"Lini, data?"

"Siku ile ile unanitoa nje. Nilisema taa ilizimika, kweli, upepo ulinishinda, lakini Castory alikuwa hajafika pa kuiona. Wewe ulikuwa unapiga kelele."

Brigita alipiga magoti. "Nisamehe."

"Langu mimi nimekusamehe zamani," alisema mzee bila kuinua macho. "Lakini mama yako alikufa akiuliza kama umefika. Hilo si langu."

Hakumfukuza. Brigita alikaa chini, akachukua maganda ya maharage, wakapukuchua mpaka Herman akarudi kutoka shambani na kusimama mlangoni, jembe bado begani.

Siku hizi Brigita huenda Mwandiga kila Jumapili. Humfulia mzee, humpikia ugali na samaki wa migebuka. Kuna siku anaitikia salamu yake. Kuna siku anageukia ukutani, na Brigita anaendelea kufua.