Gauni la Kwenda Muscat

Mjomba alimzaba mdogo wangu kofi mbele ya picha ya ngamia. Simu iliruka ikaangukia kwenye sahani ya njegere, na ngamia akaendelea kuonekana palepale chini ya mchuzi, ametulia, jangwa lote nyuma yake. Nilishika mwiko. Nina hasira za karibu, sokoni wote wanajua, na nilikuwa nimeshauinua kabla sijakumbuka kwamba ninayetaka kumpiga ni mjomba.

Kwetu Waluguru mjomba si mtu wa kupigwa. Mtoto ni wa upande wa mama. Baba anakulea, lakini mwenye neno juu yako ni kaka wa mama yako: yeye ndiye anayekuonyesha shamba la ukoo, na ukienda safari ya mbali ndiye anayeshika kikombe cha maji na kukusemea kwa waliotangulia. Mama yetu alishakufa. Nilikuwa nimempelekea mjomba salamu kwamba mimi na mdogo wangu tunakwenda Oman, likizo, likizo yetu ya kwanza maishani, na asubuhi ile aliteremka kutoka Mgeta na lori la kabichi. Tulimwita atubariki. Akaja kupiga.

"Uarabuni?" alisema, anatweta. "Urudi tena kule? Hukuchomwa vya kutosha?"

Mdogo wangu aliwahi kufanya kazi za ndani Muscat, kwa mwanamke mmoja mwenye mkono mbaya. Silaumu nchi nzima. Wapo wasichana wa hapa Morogoro waliokwenda wakarudi wakajenga. Yeye alirudi na alama ya pasi juu ya kiwiko, ncha na yote. Siku aliponionyesha niliingia ndani, nikachukua pasi yetu, nikaibamiza kwenye jiwe la kufulia mpaka zikabaki nyaya. Tangu hapo nyumbani kwetu hapakuwa na pasi. Misa ya Jumapili tulikwenda na mikunjo yetu, na aliyecheka nilimtazama mpaka akageuka.

Nilidhani hataki hata kulisikia jina la nchi ile. Kumbe. Tulikuwa tunamenya karoti kwenye kibanda chake cha chakula, akaniambia, "Dada, unajua sikuwahi kuiona bahari yao?"

Nyumba ilikuwa karibu na pwani, alisema. Upepo ukivuma aliisikia harufu ya chumvi, lakini dirisha la jikoni lilitazama ukuta. Sasa alitaka kwenda kuiona. Alitaka alale kwenye kitanda kilichotandikwa na mtu mwingine, aamke anapotaka, ale samaki ambaye hakumkaanga yeye.

Nilikasirika, kisha nikakubali, kisha nikawa na kiherehere kuliko yeye mwenyewe. Tukawa kila tukifunga biashara tunainamia simu. Kwanza pwani. Halafu jangwani, kwenye mahema, tuone hao ngamia. Halafu ule ufukwe ambako kasa hupanda kutaga mayai. Mimi ndege sijapanda hata siku moja. Nilimwuliza kama tutapita na kwenye ile nyumba, maana ningependa kumshika yule mwanamke nywele, nimburute mpaka barabarani. Nilisema kwa utulivu kabisa.

"Dada, mimi nakwenda kuona bahari," alinijibu. "Wewe kama unakwenda kupigana, baki."

Shida ilikuwa lugha. Kiarabu chote alichorudi nacho kilikuwa cha amri: njoo, nyamaza, haraka, kaa chini, safisha. Hakuwa na "naomba", hakuwa na "bei gani", kwa kuwa mle ndani hakuna aliyewahi kumwomba kitu wala kumwuliza. Jirani yetu, mama mmoja anayefundisha madrasa, akajitolea kumfundisha maneno ya mgeni. Nilikuwa namsikia kupitia dirisha, mtu mzima, anarudiarudia "naomba chai", na mimi huku nalia na kusingizia vitunguu.

Basi, siku ile ya kofi hakulia. Aliiokota simu, akaifuta mchuzi kwa kanga, akamwambia mjomba, "Safari ya kwanza uliniruhusu wewe."

Mjomba akatoka bila kula. Niliyajua maneno yaliyomfukuza, yalikuwa yake mwenyewe, na nilikuwepo alipoyasema. Safari ile ya kwanza alimwaga maji uani, akawaambia wazee wa ukoo waliotangulia: nendeni naye, awe msikivu, asitutie aibu. Na mdogo wangu akawa msikivu. Alichomwa akiwa msikivu.

Wiki ya safari nilirudi kutoka sokoni nikamkuta amenunua pasi. Mpya. Alikuwa ametandika blanketi mezani, anapiga pasi gauni lake la safari, jekundu, lenye mikono mirefu. Begi letu lilikuwa sakafuni, limeshafungwa.

Mjomba aliingia bila hodi, panga mkononi.

Hatukumwamkia. Alilikata begi. Akalikata tena, na tena, nguo zikatoka nje, sandali zangu mpya zikakatika katikati, na yeye anagumia kama mtu anayepasua gogo. Nilimrukia mgongoni. Alinisukuma kwa kiwiko, mdomo wangu ukagonga fremu ya mlango, nikaonja damu. Kisha akaigeukia meza, akalinyooshea panga gauni.

Mdogo wangu aliinua pasi. Aliisogeza kwenye shavu la mjomba, karibu kabisa, mpaka nikasikia harufu ya ndevu zinazoungua. Nilitamani amchome. Nasema kweli, nilitamani.

"Uskuti!" alimwambia. Nyamaza. Kisha yakamtoka yote aliyofundishwa mle ndani, njoo, haraka, kaa chini, kwa sauti ambayo haikuwa yake. Nilijua ya nani. Mjomba hajui Kiarabu hata cha kusalimia, lakini panga lilimdondoka. Akakaa sakafuni, akajikunyata, mikono juu ya kichwa, anasubiri kupigwa.

Mdogo wangu alimtazama. Namna ile ya kukaa aliijua. Alirudi nyuma, akaisimamisha pasi mezani polepole.

"Inuka, mjomba," alisema. "Kaa kwenye kiti. Naomba."

Mjomba hakuinuka. Alikuwa analia, mzee mzima, kamasi na yote. "Mimi ndiye niliyekupeleka," alisema. "Mimi ndiye niliyekusemea. Ukibaki kule safari hii, mama yako nitamwambia nini?"

Hasira zangu zilinitoka pale pale, nikawa sina cha kushika. Nilimhurumia, na nilichukia kumhurumia.

"Nitarudi," mdogo wangu alisema. "Lakini kwenda, nakwenda."

Mjomba alijifuta uso kwa kiganja. Akaomba maji. Nilimletea kikombe, damu yangu ikiwa bado vidoleni, akakipokea kwa mikono miwili na kuyamwaga kidogo kidogo kwenye sakafu ya saruji, katikati ya nguo zilizokatwa.

"Huyu anakwenda kutembea," aliwaambia wazee, sauti imemkauka. "Safari hii hakutumwa na mtu. Nendeni naye. Asimsikilize mtu yeyote."

Kisha akaniuliza kama nina sindano ya kushonea magunia. Nilimpa, na uzi wake. Akalivuta begi, akaanza kulishona, na mdogo wangu akarudi mezani kumalizia mkono wa kushoto wa gauni.