Mkono Wake Ulipoishia

Tarehe 11 Februari 2016 nilimpoteza mwenzangu wa chumba. Alianguka bafuni alfajiri, katika nyumba ya wafanyakazi Al-Baghdadiyah, Jeddah. Daktari alisema moyo ulisimama ghafla.

Tulijuana Riyadh. Mimi nilikuwa mlinzi, yeye mpaka rangi wa kampuni hiyo hiyo, kisha tukahamishiwa Jeddah pamoja. Alikuwa Mgondi, kabila la misitu ya katikati ya India. Siku sita alipaka kuta za watu rangi nyeupe. Ijumaa alikaa kitandani, ubao magotini, akachora kwa kalamu za wino alizonunua sokoni Al-Dirah, Riyadh: swala wenye pembe zinazogeuka matawi, ndege waliojaa mtini. Akishachora umbo, alilijaza vimistari vilivyopinda kama kucha zilizokatwa, vingi visivyohesabika.

Siku moja nilimuuliza kwa nini asipake tu rangi amalize. Tulizungumza Kiarabu chetu cha kazini, na Kihindi kidogo.

"Sadiki," ndivyo alivyoniita, yaani rafiki, "wewe linda geti lako. Kwetu kila mchoraji ana mjazo wake. Mke wangu hujaza nukta, kama mtama. Changanya picha zetu zote, kila mtu atachukua yake."

"Na mimi ningejaza nini?"

"Wewe mlinzi? Miayo."

Alikufa akiwa na picha moja haijaisha, swala wawili chini ya mti. Wa kwanza alikuwa tayari. Wa pili alikuwa umbo tupu, isipokuwa kichwani.

Karatasi za kusafirisha mwili zilichukua zaidi ya mwezi. Kitanda chake kilitazamana na changu, na picha ilikuwa juu yake. Kwetu, mtu akifa ameacha shamba amelilima nusu, majirani hulimaliza. Sikujua heshima nyingine ya kumpa. Nikachukua kalamu yake, nikamjaza yule swala, nikiiga vimistari vyake. Mkono wangu umezoea rungu. Nilipomaliza niliikunja picha, ikasafiri na sanduku lake la nguo.

Baada ya mazishi mke wake alipiga simu. Fundi wa umeme wa chumba cha pili, mtu wa nchi yao, alitutafsiria, simu ikiwa kwenye spika. Mama yule alinishukuru.

"Kaka, siku ya msiba uliniambia hakuugua."

"Hakuugua, dada."

"Mistari ya swala wa pili inatetemeka. Mkono wa mume wangu naujua. Aliugua muda gani? Kwa nini hamkunipigia?"

Fundi aliziba simu kwa kiganja. "Mwambie siku mbili tatu, halas, yaishe. Ukisema ni wewe, atakuambia umemharibia kazi ya marehemu. Na kweli umeiharibu."

Sitaficha kwamba nilitamani kumsikiliza. Lakini nikikubali, yule mama angeishi akimwona mumewe akitetemeka kitandani, nami nimekaa mkabala naye, simwiti mtu. Nikikataa, namwambia kwamba picha ya mwisho aliyobaki nayo si ya mumewe yote. Nilitafuta njia ya tatu, sikuipata.

"Dada," nikasema, "aliyetetemeka ni mimi."

Nikamweleza yote. Fundi alitafsiri huku akitazama ukuta. Upande wa pili tulisikia jogoo akiwika.

"Nani alikuambia uiguse?"

"Hakuna, dada. Nilijituma."

"Yeye hakuugua hata siku moja?"

"Jana yake alikula wali, akanicheka, akalala."

Kisha akauliza mkono wa mumewe uliishia wapi. Nilipakumbuka vizuri, maana ndipo nilipoanzia. Nikamwambia atazame nyuma ya sikio la kulia la swala wa pili, kuna mstari mmoja uliokatika katikati.

Akaweka simu chini. Tulisikia karatasi ikikunjuliwa. Fundi alitaka kusema neno, nikamshika mkono.

Mama akarudi.

"Nimeuona," akasema, kisha akakata simu.