Mtoto Niliyemficha Jandoni

Siku ninayoikumbuka mimi, mwanangu, ilikuwa Jumatano, saa nne asubuhi, nimevaa shati la kuazima. Shati lenyewe la rafiki yangu Chande, kola imebana mpaka nikimeza mate nayasikia yanavyopita. Nilikuwa nakwenda mahakamani Newala kwenye kesi ya kugombea mtoto, na nilikuwa na furaha kama mtu anayekwenda kula harusini. Ikumbuke hiyo furaha, nitairudia.

Usiniangalie hivyo. Najua nasaha wanatoa wazee wenye mvi, na mimi mvi ninazo tatu tu, mbili nimezikuta mwenyewe, moja kanionyesha kinyozi. Nina miaka thelathini na minne, shule nimeishia la saba, kazi yangu kupuliza dawa kwenye mikorosho ya watu. Lakini aibu niliyonayo ni ya mtu mzima kabisa, na hiyo ndiyo inayonipa ruhusa ya kukuita mwanangu.

Mimi mtu wa Lulindi, upande wa Masasi. Mama Shafii ni wa Mkunya, huko juu Newala. Tulioana, tukakaa miaka tisa, tukashindwana. Nani alianza sikwambii, maana kila nikiisimulia mimi ndiye mwema. Akarudi kwao na mtoto wetu mmoja, Shafii, miaka minane, pengo mbele, maswali hayaishi.

Na kusema kweli sikuwa na shida. Jumamosi napanda na pikipiki, namchukua, Jumapili namrudisha. Mama yake hakunizuia hata mara moja. Kilichoniharibu ni kijiwe. Wenzangu wakaanza kunitania kwamba mimi nimewazalia wajomba, kwamba nimepanda mkorosho kwenye shamba la mtu. Unajua huku kwetu mtoto anahesabiwa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye sauti. Mimi ninayemtania kila mtu, hata imamu akipita namtupia neno, siku nikitaniwa mimi nashindwa kulala. Basi nikafungua kesi. Nataka mtoto akae kwangu. Sikuwa hata na kitanda cha kumlaza.

Siku ya kwanza hakimu, mama mmoja wa miwani, mgeni wa mikoa ya mbali, akatusikiliza wote wawili. Akasema mtoto aendelee kukaa na mama yake, ila tarehe ijayo aletwe, akae na afisa ustawi wa jamii, aseme mwenyewe moyo wake uko wapi. Nilitoka pale nimepoa kama uji wa jana. Nilijua Shafii atasema nini. Akiwa kwangu, jua likizama tu, anauliza mama atakuwa anapika nini.

Ikaja likizo ya Juni. Mama Shafii akaniruhusu nikae na mtoto mpaka siku ya kesi. Alimfungia nguo zake mwenyewe, akamwekea na karanga za njiani, akaniambia nisiendeshe kasi. Aliniamini, mwanangu. Hapo ndipo shetani wangu akavaa viatu.

Kijiji cha jirani na kwetu walikuwa wanaingiza watoto jandoni mwezi ule. Wewe labda umetahiriwa hospitali, kwa hiyo ngoja nikwambie. Ile kambi ya jando, kumbi, haina geti wala kufuli. Lakini hakuna mwanamke anayeisogelea, na mtoto akishaingia hatoki mpaka apone na afundwe. Nikajiuliza, hakimu gani atakwenda kumtoa mtoto kumbini? Hakimu mwenyewe mwanamke. Nikajiona nina akili kuliko wanasheria wote wa Masasi.

Kikwazo kilikuwa kimoja. Mtoto haingii mpaka mjomba wake aridhie. Mzee Mtepa, mkubwa wa kumbi, aliniuliza hilo kabla hata sijakaa. Nikampa simu. Upande wa pili alikuwa Chande, kajifanya yeye ndiye Mjomba Hamisi wa Mkunya, sauti kaikalisha ya kinewala, taratibu, yenye heshima. Mzee akaulizia hali za nyumbani, mihogo, maji. Chande akajibu yote. Akamalizia kwa kusema tumpeleke kijana wetu, yeye ana radhi. Jioni ile mimi na Chande tulicheka mpaka tukalala chini.

Mzee Mtepa alipokuwa ananirudishia simu akaniagiza neno moja, mama yake aambiwe mapema aache chumvi. Ndivyo ilivyo huku. Mtoto akiwa kumbini, mama nyumbani hali chumvi mpaka kidonda kipone. Ndiyo kazi yake, ndivyo anavyomuuguza mwanawe kwa mbali, maana kumsogelea hawezi. Nikamjibu mzee kwamba atafanya, bila wasiwasi.

Chakula cha kumbini hupikwa na mama wa kila mtoto, kinapelekwa na wanaume. Watoto wanayajua mabakuli ya mama zao kwa mbali. Cha Shafii mimi nilikuwa nanunua kwa mama ntilie, kwenye kopo la plastiki. Siku moja nimempelekea nikamkuta kakaa pembeni kidogo, anayatazama yale mabakuli yakifunguliwa. Nikaona nichangamshe. Nikamwambia, "Wewe bwana mkubwa, wenzio wanakula nyumbani, wewe unakula hotelini." Watoto wakacheka. Shafii hakucheka. Akaniuliza, "Mama anajua niko huku?"

Nikamwambia anajua. Akauliza mbona hajaleta bakuli. Nikasema shughuli nyingi. Nikaondoka.

Sasa rudi kwenye ile Jumatano na shati la Chande. Tumeingia, kesi imeitwa, hakimu anauliza mtoto yuko wapi. Mama Shafii kakaa mbele na kaka yake, Mjomba Hamisi, mama anageukageuka kuangalia mlangoni, akidhani Shafii yuko nje ananisubiri. Mimi nimesimama, neno langu nimelisukutua mdomoni njia nzima. Nikasema, "Mheshimiwa, mtoto yuko jandoni. Kule hata wewe huingii."

Wanaume wa benchi la nyuma wakaangua kicheko. Hakimu hakucheka. Akavua miwani, akaiweka juu ya faili. Alikuwa anataka kusema kitu, lakini Mama Shafii alishasimama. Hakupiga kelele. Aliniuliza kama mtu anayeuliza saa.

"Tangu lini, Baba Shafii?"

Nikamwambia tangu Jumatatu ya wiki ile nyingine. Akawa anahesabu kwa vidole, midomo inacheza. Halafu akasema, "Na mimi siku zote hizo nakula chumvi."

Akakaa. Akajifunika uso kwa kanga.

Mwanangu, kile kicheko cha nyuma kilikatika. Hakimu akauliza chumvi ina nini, maana yeye si wa huku. Karani akainama akamweleza kwa sauti ya chini, na karani alipomaliza, hakimu hakuniangalia tena, alipitisha macho pembeni yangu kama mimi kiti. Wale walionichekea wanaangalia viatu vyao. Pale ndipo ile furaha yangu ilipokwenda, na mpaka leo sijui iliko. Maana mimi nilidhani nimemficha mtoto tu. Kumbe nimemfanya mama aamini kwamba kila tonge alilokula lilikuwa linamuumiza mwanawe.

Hakimu aliahirisha. Akaamuru Mjomba Hamisi afike kwa mtoto siku ile ile, na mtoto akitoka kumbini aende moja kwa moja kwa mama yake. Nikampakia mjomba kwenye pikipiki. Kutoka Newala mpaka Lulindi alishika chuma cha nyuma asiniguse, na mimi ambaye husimulia mpaka nikiwa nang'olewa jino, nilikuwa nahesabu kona tu.

Kumbini Mjomba Hamisi akatoa shikamoo. Mzee Mtepa akaitika, kisha akamwacha aendelee na salamu, anamsikiliza kwa makini mpaka mwisho. Halafu akanigeukia mimi. Sauti ya mjomba haikuwa ile ya kwenye simu, na mzee ameshaitambua.

"Mimi nimepokea watoto wa baba na wajomba zao," akasema. "Sijawahi kupokea mtoto wa wizi. Leo na mimi umeniweka kwenye wizi wako."

Mtu angenipiga kofi ningemshukuru.

Wenzake Shafii walikuwa wameshaanza kukauka vidonda. Yeye bado, na usiku ule homa ilimpanda. Tulimkimbiza hospitali ya Ndanda. Nesi alisema ni uchafu umeingia kwenye kidonda, akampa dawa. Wazee walisema ni chumvi. Mimi sibishani na nesi wala sibishani na wazee. Ninachojua ni kwamba Mama Shafii alikuja Ndanda kesho yake, akakaa nje ya wodi, hakuingia, kwa sababu mwanawe alikuwa bado mtoto wa jando. Nilimwendea kumwambia alivyosema nesi, kwamba si kosa lake. Akaniitikia tu, "Sawa, Baba Shafii." Hakuniamini. Angeniamini kwa lipi?

Alimpa kaka yake bakuli aingize ndani. Bakuli limefunikwa kitambaa cha maua. Shafii alilipokea kwa mikono miwili, akalipakata, akakaa nalo muda mrefu kabla ya kulifungua. Ugali na maharage, hayana chumvi hata chembe. Akala yote.

Alipona. Walipotolewa jandoni mama yake alimpokea kwa kanga mpya, na mimi nilisimama mbali, nyuma ya wanaume wengine. Mahakamani Shafii akaongea na afisa ustawi, na uamuzi ukasomwa kwamba atakaa na mama, mimi nimwone Jumamosi, mjomba akiwepo. Sikukata rufaa. Ningekwenda kusema nini?

Miaka miwili sasa. Nikifika Mkunya ananisalimia vizuri, ana adabu, mama yake hajamjaza maneno. Lakini nikimwambia, "Twende dukani nikununulie soda," anasimama palepale. Ananiuliza, "Mama anajua?" Hata kama mama yake yuko uani anatwanga. Inabidi nipige simu niiweke sauti ya nje, na bado anasogea karibu asikilize vizuri ni nani anayeongea, kwa sababu alishasikia kwamba simu yangu iliwahi kudanganya. Chande huwa ananiambia atasahau. Shati lake nililirudisha, utani wa namna ile sikuurudia.

Basi sikia, mwanangu. Mkigombana na mwenzio, gombaneni nyinyi. Mkifikishana kwa hakimu, nendeni, si dhambi, lakini usimtumie mtoto kumshindia mama yake. Na popote utakapompeleka, iwe jandoni, iwe mnadani kununua kandambili, mama yake ajue kutoka kinywani mwako kabla hujawasha pikipiki. Kijiwe kikikucheka, kiache kicheke. Wale jioni wanakwenda kwa watoto wao, wewe ndiye utakayebaki kujibu swali.

Mungu akulinde na akili kama niliyokuwa nayo Juni ile. Akupe mtoto ambaye ukimwambia twende, anakimbilia viatu.