Mahali Mwero Aliposhuka Baiskeli

Wageni waliopita njia ya Kinango walimcheka Mwero wa Ziro. Mtu ana baiskeli nzima, magurudumu yamejaa upepo, mnyororo umetiwa mafuta, barabara imenyooka mbele yake, naye anashuka na kuisukuma kwa mwendo wa mtu anayemsindikiza ng'ombe mgonjwa. Wengine walisema ni ubahili, anaogopa mipira isilike. Wenyeji hawakucheka. Walijua kwa nini anashuka, na alipopita waligeuza macho pembeni, maana si vizuri kumkodolea macho mtu aliye katika majuto yake.

Mwero hakuwa na duka wala cheo. Alikuwa na njia. Kutoka Kinango mpaka Msambweni hapakuwa na kijia asichokijua, kwa sababu alianza kuvitembea tangu utotoni, nyuma ya baba yake, wakiteremsha asali na samli pwani na kupandisha ng'onda za samaki, chumvi na nazi. Siku mbili kwenda, siku mbili kurudi. Mzee Ziro hakuwa mtu wa maneno, lakini kila penye jambo alisimama. Hapa palikuwa na mji wa fulani kabla ya njaa. Kisima hiki kilichimbwa na wanawake peke yao, wanaume wakiwa wamekata tamaa. Jiwe hili ndilo walilonolea mapanga watu wa zamani, pitisha mkono uone lilivyolika. Mwero aliyahifadhi yote. Hata alipopata baiskeli, mwaka uliofuata kwisha kwa vita vya Hitler, na siku mbili zikawa moja, vituo vya baba yake hakuviruka hata kimoja.

Kituo kikubwa kuliko vyote kiliitwa Kwa Ziro. Ulikuwa mji wao wa zamani, nusu ya njia, kabla hawajahamia Kinango. Nyumba zilikuwa zimekwisha kuliwa na mchwa, lakini ndani ya kichaka, hatua chache kutoka njiani, zilisimama koma tatu. Mduruma wa heshima akifa, watu wake humchongea kigingi cha mti mgumu na kumsimamisha hapo, na hapo ndipo humwendea na unga na tembo la mnazi wakamweleza habari za nyumbani. Koma ya kwanza ilikuwa ya babu yake Mwero, ya pili ya ami yake, na ya tatu, mpya kuliko zote, ya Mzee Ziro mwenyewe.

Apitaye hapo hushuka chini, akavua kofia, akaenda kwa miguu mpaka avuke. Hanyooshi kidole. Na mgeni haonyeshwi, ila awe amepelekwa kwa unga na kutajwa jina lake mbele ya wafu. Haya Mwero aliyajua, lakini baba yake aliyarudia tena akiwa kitandani anakufa, kwa sababu kule upande wa pili wa bonde mtu mmoja mpumbavu aliwahi kumwonyesha mzungu koma za kwao, na wiki ya pili koma mbili hazikuwepo, zimekwenda na motokaa.

"Usimwonyeshe mtu," alisema Mzee Ziro, amemshika mkono. "Niahidi."

Mwero aliahidi.

Mwaka uliofuata Uhuru, Serikali ilileta mpimaji wa njia na mashamba. Alikuwa kijana kutoka bara, mpole, mpenda chai tamu, jua la Kinango likimtesa vibaya. Watu walimwita Bwana Mpima. Chifu alipotafuta mwongozaji hakuna aliyetaja jina jingine ila la Mwero, na Mwero alifurahi kuliko alivyoonyesha. Miaka yote hiyo kuzijua njia kulikuwa kazi ya mbeba ng'onda. Sasa kulikuwa kazi ya nchi.

Siku ya kwanza kijana alimkunjulia karatasi kubwa. "Mzee Mwero, kitu yoyote ikiwa kwa hii ramani, haiguswi," alisema. "Kisima, kanisa, msikiti, makaburi. Hata barabara ikija, itazunguka. Kwa hivyo usinifiche."

"Sitakuficha, bwana," alijibu Mwero, na wakati anasema alikuwa na nia hiyo.

Siku tisa walipanda baiskeli zao wawili, wakisimama kila penye jambo. Mwero alimwonyesha kisima cha wanawake. Alimwonyesha jiwe la mapanga, na Bwana Mpima akapitisha mkono. Huko Msambweni, Mzee Haji, muuza ng'onda, aliwapitisha makaburini mwa watu wake kaburi kwa kaburi, hata la kitoto cha siku saba, na kila moja likatiwa alama. Mwero alimtazama Haji akaona huruma kidogo, hata dharau, kwamba watu hawa hawana siri na wafu wao. Tumsamehe, maana dharau hiyo ameilipia.

Siku ya tisa, wakirudi, walifika Kwa Ziro. Mwero alishuka akavua kofia. Hakufikiri, miguu ilishuka yenyewe.

"Mbona umeshuka?" aliuliza Bwana Mpima.

"Gurudumu limepungua upepo."

Kijana aliliminya gurudumu, akalikuta gumu kama jiwe. Akatazama kando, akaona kile kijia kidogo kilichoingia kichakani, kimekanyagwa vizuri, safi.

"Na hii ndogo inaenda wapi?"

Mwero aliinamia gurudumu lake. Alikumbuka kile kitanda na ule mkono wa baba yake. Alikumbuka pia ile karatasi na maneno yake. Angekuwa na unga, hata kiganja kimoja, huenda angemtaja huyu kijana mbele ya wafu wake, mambo yakaisha kwa heshima. Lakini unga hakuwa nao, na ahadi alikuwa nayo.

"Haiendi popote," alisema. "Ni ya mbuzi."

"Huko ndani kuna nini?"

"Hakuna kitu, bwana."

Kijana aliandika, wakaendelea.

Nyumbani mama yake, Bibi Jumwa, alikuwa akimsubiri mlangoni. "Hukumwonyesha?"

"Sikumwonyesha, mayo."

"Umefanya vyema. Baba yako amekusikia." Mwero alikula sima nyingi siku hiyo kuliko desturi yake.

Ulipita mwaka na miezi. Katika mvua za masika Mwero aliteremka Msambweni akakwama siku nne, ng'onda za Haji zimekataa kukauka. Alipopanda tena, alikuta kipande cha njia yake kimekuwa barabara, pana, nyekundu, imenyooshwa kama kamba, na Kwa Ziro hapakuwa na kichaka. Tingatinga lilikuwa limeegeshwa, na dereva wake amekaa kivulini mwake anakunywa chai.

"Hapa palikuwa na vigingi vitatu," Mwero alimwambia.

"Mzee, hapa kulikuwa na miti tele," alisema yule dereva, wala si kwa ubaya. "Tumesukuma yote tukachoma."

Rundo la majivu lilikuwa bado linafuka chini ya manyunyu. Mwero aliingia ndani yake kwa mikono mpaka viganja vikaungua. Alichopata ni makaa, na makaa ya koma hayana tofauti na makaa ya mti mwingine wowote.

Alikwenda ofisi ya Serikali kushtaki. Karani alimpa kiti, akamwita mzee wangu, akamfungulia ramani. Ilikuwa nzuri, lazima isemwe. Kisima cha wanawake kilikuwepo. Kanisa lilikuwepo. Makaburi ya kina Haji yalikuwepo, na barabara mpya ilipoyafikia iliyazunguka kwa adabu. Kwa Ziro palikuwa peupe. Karani akachukua daftari la mpimaji, akatafuta ukurasa, akasoma kwa sauti: "Kijia cha mbuzi. Mwongozaji, Mwero wa Ziro, asema hakuna kitu."

Kisha akamtazama. "Ndiwe, mzee wangu?"

"Ndimi."

Mama yake hakumlaumu. Angemlaumu ingekuwa nafuu. Siku ya tatu aliuliza, "Sasa unga niumwage wapi?"

Mwero alimpakia kwenye keria, kibuyu cha unga mapajani mwake, wakaenda wawili. Alidhani atapajua mahali hapo hata akifumbwa macho. Lakini kijito kilikuwa kimepitishwa ndani ya bomba, kilima kimekatwa, na penye kona ya zamani barabara ilipita moja kwa moja. Alisimama mahali, akarudi nyuma, akaenda mbele, akarudi tena.

"Hapa," alisema.

"Una hakika?"

Alitaka sana kusema ndiyo. "Sina, mayo."

Bibi Jumwa alirudi na unga wake. Alifariki kabla ya mavuno, kibuyu kikiwa bado kimetundikwa ukutani, kimejaa vile vile.

Mwanzoni Mwero alikuwa akishuka pale alipokisia. Baadaye akaingiwa na hofu kwamba huenda amekisia vibaya, na kila safari anampita baba yake juu ya baiskeli kama mtu asiye na malezi. Akaanza kushukia mapema, penye bomba. Kisha akaona huenda ni mbele zaidi, akachelewa kupanda. Kila mwaka urefu ule uliongezeka. Mpaka leo hii hushuka kwenye mteremko kabla ya bomba, akavua kofia, na hapandi tena mpaka avuke lango la ranchi ya ng'ombe, mbali mbele. Ni mwendo wa saa nzima, juani, malori yakimpigia honi ahame barabarani.

Hajui ni wapi. Mara moja tu maishani mwake aliulizwa pale pana nini, naye alijibu.