Nyumba Isiyodaiwa

Ijumaa tulimzika jirani yangu wa Timbwani, karani mstaafu wa bandarini. Wengi mlimjua kwa nyumba yake ya vyumba sita vya kupangisha, aliyoijenga kwa mkopo wa benki. Mimi niliyemjua zaidi nina kosa la kukiri.

Alipostaafu alinijia barazani, kiinua mgongo kimeshaingia, na swali moja: aumalize mkopo kabla ya wakati, au aendelee kulipa mdogo mdogo? Afisa wa benki alimshauri asiharakishe, kwani kodi za wapangaji zilitosha malipo ya kila mwezi, na kiinua mgongo kiwe akiba yake. Lakini yeye alikuwa na hofu yake. Kwetu, kabla maiti hajaswaliwa, mtu wa familia husimama akauliza nani anamdai marehemu. “Sitaki mtu asimame siku yangu,” aliniambia. Nami, mjuaji wa mambo ya watu, nikamjibu kuwa dawa ya deni ni kulipa. Akalipa lote. Siku aliyorudi na hati ya nyumba alitugawia halua mtaa mzima.

Haukupita mwaka, akapatikana na uvimbe tumboni. Hospitali ilitaka malipo kabla ya upasuaji, na mkononi hana kitu. Kodi huingia kidogo kidogo, tena wapangaji wawili walikuwa wamehama. Maradhi nayo hayangoji mwisho wa mwezi. Mkewe akamsihi aiweke nyumba rehani tena, akakataa katakata. Nilipokwenda kumsihi mimi, akasema, “Si wewe uliyeniambia nilipe?” Nikarudi nyumbani, na upasuaji haukufanyika.

Pale msikitini mwanawe mkubwa akauliza swali lile. Hakusimama mtu. Nikashukuru kwamba angalau hilo alilitaka akalipata. Kisha akasimama muuza dawa wa mtaani kwetu, akasema kwa sauti ya chini kuwa marehemu alikuwa akichukua kwake vidonge vya maumivu kwa mkopo, miezi mitatu, kwa siri, na kwamba amemsamehe. Nilitamani ardhi inimeze.

Watu wangali wananijia na swali la mikopo ya nyumba zao. Siku hizi simwambii mtu lipa wala usilipe. Namuuliza kwanza: ukishalipa, utabakiwa na nini siku utakapougua? Jirani yangu sikumuuliza.