Mbele Mia, Nyuma Themanini

Nguo za mitumba zina harufu yake, nanyi mnaijua: dawa ya wadudu iliyochanganyika na jasho la watu tusiowafahamu. Nikipita penye belo lililofunguliwa, naiona nyumba yetu ya Kibiti na mama amekaa mkekani, anafumua masweta.

Ilikuwa miaka ile mitumba ilipoanza kumwagika nchini, baada ya watu kuhangaika muda mrefu kutafuta hata kipande cha khanga. Gulioni masweta yalikuwa ya bei ya bure, maana nani avae sufu katika joto la Kibiti? Mama aliyanunua, akayafumua, akaufua uzi, akaufuma upya kwa spoku mbili za baiskeli alizozinoa mwenyewe. Alikuwa mkunga wa zahanati, mzaliwa wa Makete kama baba, na kufuma alifundishwa na baridi ya kwao. Jirani yetu Bi Zuhura alikuwa akimtania, "Mama Tumaini, joto hili la Mungu halikutoshi mpaka ulifume?"

Tumaini ndiye dada yangu. Alikuwa kidato cha nne, mimi nina miaka tisa. Sweta lilikuwa sehemu ya sare yao, ingawa wasichana wengi walilifunga kiunoni tu. Mwaka ule dada alianza kulivaa tangu asubuhi hadi jioni, jasho likimtiririka shingoni. Lilipoanza kumbana, mama hakuuliza kitu. Alichukua tepu akampima, akaanza kumfumia jingine la vifungo, la bluu, pana kama la mtu mzima.

Mama alikuwa na karatasi ya vipimo aliyoitunza tangu usichana wake. Humo, vipande viwili vya mbele ukivijumlisha vinalingana na mgongo. Safari hii aliitandaza karatasi lakini hakuifuata. Aliongeza vitanzi ubavuni kuanzia chini ya kifua, kisha akapitisha safu fupi fupi katikati ili upindo wa mbele usipande juu. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu.

"Mama, umekosea. Mbele mia, nyuma themanini."

"Sijakosea. Ndivyo litakavyomkaa vizuri," akasema bila kuinua uso.

Siku chache baadaye alikuja mwalimu wa malezi wa shuleni kwa kina dada, kichwa kinamuuma, anatafuta dawa. Mama alikuwa bado zahanati. Nikamwamkia, nikamkaribisha kiti, na kwa kuwa nilitaka anione mtoto mwenye akili, nikamletea kazi ya mama.

"Sweta la nani hili, kubwa hivi?" akauliza.

"La dada Tumaini. Si kubwa kote, mwalimu. Mbele ni mia, nyuma themanini tu."

Alilishika muda mrefu mapajani. "Nani amehesabu?"

"Mimi."

"Umehesabu vizuri," akasema. Akaondoka bila dawa.

Kesho yake dada aliitwa ofisini, akapimwa, akakutwa na mimba, akafukuzwa. Zilikuwa zimebaki wiki tatu tu aanze mtihani. Mwanamume mwenyewe alikuwa mnunuzi wa kamba wa baharini kutoka Mbuchi. Habari zilipomfikia alihamia Dar, hatukumwona tena. Baba, bwana shamba aliyekuwa akifanya kazi Ngorongo, alikuja siku ya tatu.

"Aende Makete kwa mama yangu," akasema. "Hapa nitaficha wapi uso wangu?"

"Muache nimzalishe mwenyewe," mama akamwambia. "Nakuomba, baba Tumaini."

Dada aliondoka Jumatatu, amevaa lile sweta jipya. Lilimkaa vizuri kweli. Ungemwangalia usingejua kitu.

Baada ya miezi ikaja barua, nikatumwa kuipeleka zahanati. Mama aliisoma amesimama mlangoni. Dada alikuwa amejifungua kijijini, damu ikamwishia juu ya machela kabla hawajafika hospitali. Mtoto alikuwa hai. Mama aliikunja barua akaitia mfukoni mwa gauni lake la kazi, akarudi ndani, kulikuwa na mwanamke wa Mohoro anapiga kelele za uchungu. Nilikaa ngazini mpaka nikasikia kichanga kinalia.

Nilikuwa nimeshazaa na mimi ndipo nilipoelewa kwamba mama alijua kabla ya mtu yeyote. Alishazihesabu wiki zote, akaona mtihani ungeisha kwanza, kisha mtoto angezaliwa mikononi mwake. Alichohitaji ni sweta na kimya chetu. Hakuwahi kunigombeza. Mpaka anakufa hakuniuliza mwalimu yule alijuaje, na kwa jinsi alivyokuwa akiangalia pembeni habari hizo zikitajwa, nadhani hakuwa na haja ya kuuliza.

Mtoto tulimlea sisi, tukamwita Neema. Sasa ni mtu mzima. Juzi, tukichambua mchele, aliniuliza, "Mama mdogo, shuleni walimjuaje mama yangu?"

Nikamwambia mimba haifichiki, watu waliona tu. Akaridhika, akaendelea kuchambua.